Ushuhuda Niliotoa Kabla Jicho Halijapona

Bwana asifiwe!

Nasikia wengine mmeitikia na wengine mmenyamaza. Hata nyinyi mlionyamaza, Bwana asifiwe. Najua mnawaza nini. Mmeniona nikiitwa mbele mkajiambia, "Si huyu alishuhudia mwaka jana? Anataka maiki ya nini tena?"

Ndugu zangu, nimekuja kurudisha ule ushuhuda. Ule niliotoa hapa hapa, mkapiga vigelegele mpaka mabati yakalia, nimekuja kuuchukua. Haukuwa wa kweli. Nilisema nimepona na nilikuwa sijapona, na hilo neno moja limenigharimu jicho.

Kwa wageni, mimi ni Rispa, Mama Ivy. Kwetu ni Vihiga, lakini nimeishi hapa Thika, mtaa wa Landless, tangu nilipoolewa. Naimba sauti ya kwanza kwaya. Na hayo mashavu mnayoyaona si chapati, jamani, msicheke. Ni dawa. Nitafika hapo.

Mimi ni fundi wa kushona. Miaka yote hiyo nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha yunifomu huko Ruiru, natoka hapa asubuhi narudi jioni. Napiga ovaloki, ile mashine ya kumaliza kingo za kitambaa. Nilikuwa natia uzi kwa sindano huku nimegeuka nikipiga domo na mwenzangu, na uzi unaingia. Supavaiza alikuwa akiniita Macho Manne. Sikuwa na elimu, sikuwa na shamba, lakini macho nilikuwa nayo, na hayo ndiyo yalilipia Ivy shule.

Ugonjwa ulianza jicho la kulia. Likawa jekundu. Wenzangu kazini wakaniuliza kama Baba Ivy amenipiga. Baba Ivy, yule mzee hata kuku hawezi kuchinja! Nikacheka, nikasema ni vumbi la kitambaa.

Halikuwa vumbi. Maumivu yake yalikuwa ndani kabisa, nyuma ya jicho, kama mtu anakukanda na kidole gumba na hachoki. Na mwanga, jamani! Mwanga ukawa adui. Taa za kiwandani ni nyeupe na ni nyingi, na kila nikiinua kichwa nilihisi nimechomwa. Nikaanza kushona na leso imefunika upande mmoja.

Na nilifanya nini? Nilifanya yale tunayofanya sisi wote. Nilienda kwa kemisti, nikaonyesha jicho kupitia dirishani, nikapewa dawa ya tone. Haikusaidia. Jirani mmoja wa ploti tunayopanga, Mama Brian, alikuwa ananyonyesha, akaniambia nilale chali, akanikamulia maziwa ya titi kwa jicho. Haki, nilikubali. Mwingine akasema majani chai yaliyopoa. Mwingine akasema chumvi. Mama mkwe akapiga simu kutoka Vihiga kuuliza ni nani ninayefanya kazi naye ambaye ana wivu. Jicho likawa mkutano wa hadhara, kila mtu ana hotuba yake.

Siku moja asubuhi Ivy, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita, aliniangalia nikimfunga tai. Akarudi nyuma.

"Mama, kuna maziwa kwa jicho lako."

"Maziwa gani? Hiyo ya Mama Brian ilikuwa wiki iliyopita."

"Iko ndani, Mama. Chini ya ile rangi ya kahawia. Imesimama hivi, kama maziwa kwa glasi."

Nikachukua kioo. Ndugu zangu, mtoto alikuwa amesema kweli. Chini kabisa ya jicho, ndani, kulikuwa na mstari mweupe umelala. Nilikaa kwa kitanda, kioo bado mkononi. Siku hiyo ndiyo Baba Ivy alinipeleka hospitali hapa Thika, kliniki ya macho.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Nilimdharau kidogo, nakiri. Akaniambia niweke kidevu kwa mashine, akawasha mwanga mwembamba kama uzi, akaangalia muda mrefu. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona vumbi linavyocheza kwenye mwanga unaopita tundu la mabati. Nikasema, mimi ninaishi kwa nyumba ya mabati, daktari, hiyo naijua. Akasema, "Basi ndivyo jicho lako lilivyo ndani. Ila hilo si vumbi. Ni chembe nyeupe za damu."

Sikuelewa. Damu nyeupe ni damu gani?

Akanieleza, na ninataka muelewe vile alivyonieleza, kwa sababu kama ningesikia vizuri siku ile nisingekuwa hapa leo na hadithi hii. Alisema mwili una askari wake. Hizo chembe nyeupe ndizo askari. Mdudu akiingia, kidonda kikitokea, wao wanakimbia pale kupigana. Ule wekundu, ule uvimbe, ule moto unaousikia kwa kidonda, ni wao wako kazini. Lakini jicho, alisema, mwili umelizungushia ua. Jicho ni kitu laini sana, hata vita vidogo vinaweza kuharibu kuona, kwa hivyo askari huwa hawaruhusiwi kuingia ovyo.

"Sasa wameruka ua," akasema. "Wameingia kutafuta adui ambaye hayuko. Na askari wakiingizwa kwa ploti kutafuta mwizi ambaye hayuko, mama, unajua wanafanyaje."

Najua! Nani hapa hajui? Wanavunja mlango baada ya mlango. Mwisho wa siku mwizi hajapatikana, na milango pia hakuna.

Ile iliyoonekana kama maziwa, akasema, ni hao askari wenyewe, wamekuwa wengi mpaka wanazama chini. Nikamuuliza ni nani aliyewaita. Walinipima kifua kikuu, wakanipima virusi, wakanipima kaswende, wakapiga picha ya mapafu. Hakuna kitu. Daktari akaniambia wazi, "Hatujui kwa nini. Wakati mwingine hatujui. Lakini tunajua kuwatuliza."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimezoea kuomba Mungu aniwekee askari. Sikujua kuna askari wako mwenyewe, wa damu yako, wanaweza kukugeuka.

Nilipewa dawa mbili za tone. Moja ya kupanua mboni, isije ikaganda mahali pabaya. Nyingine ya kutuliza askari, na hiyo ilikuwa kila saa. Kila saa! Halafu baada ya wiki kila saa mbili, halafu inaendelea kupungua pole pole, wiki kwa wiki. Daktari aliandika kwa karatasi, Ivy akaibandika ukutani karibu na kalenda. Na alinishika mkono, nakumbuka, akasema, "Mama, utapata nafuu haraka. Ukipata nafuu usiache. Nafuu si kwamba askari wametoka. Wamelala tu. Ukiondoa dawa kwa ghafla wataamka, na wataamka na hasira."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kuitikia ni rahisi.

Siku ya nne yale maziwa yalikuwa yameisha. Wiki ya pili maumivu yakaenda. Nikatia uzi kwa sindano, ukaingia mara ya kwanza. Nililia pale kwa mashine mpaka supavaiza akaja kuuliza kuna nini.

Jumapili iliyofuata ndiyo ile mnayoikumbuka. Mchungaji aliuliza, "Nani ametendewa na Bwana wiki hii?" Nikainuka. Sasa nisikilizeni hapa. Nilipotoka kwa kiti nilikuwa nataka kusema, naendelea vizuri, namshukuru Mungu, niombeeni nimalize dawa. Hayo ndiyo yalikuwa moyoni. Lakini sisi tunajuana. Katika kanisa letu hakuna mtu hupigiwa makofi kwa kusema naendelea vizuri. Sijawahi kuona. Mtu akisema "naendelea vizuri" tunaitikia amina ndogo, ile ya kusukuma, kisha tunamwombea ati imani yake iongezeke. Hapa mtu husema nimepona! Tumefundishana hivyo: kiri kwa kinywa, kisha itakuwa.

Nikashika maiki. Nikaona nyuso zenu. Nikasema, "Nimepona!" Mkaruka. Ule mruko wenu ulinipanda kichwani, mnisamehe. Nikaongeza. Nikasema daktari alishangaa. Daktari hakushangaa! Alisema tu, "Vizuri, endelea na dawa." Nikasema kuanzia leo sitatia tone lingine la mwanadamu kwa jicho hili. Na dawa ilikuwa hapo kwa mkoba wangu, karibu na Biblia, na saa ya tone lile ilikuwa imeshapita.

Nani aliniambia niseme hivyo? Hakuna. Mchungaji hakuniambia. Hajawahi kumwambia mtu aache dawa, na nasema hivi mbele yake kwa sababu kuna watu wamemlaumu. Ni mdomo wangu. Lakini mdomo ukishasema umepona mbele ya watu wote hawa, mkono utashika dawa vipi?

Siku mbili tatu nilijificha. Nilikuwa naenda choo cha ploti kutia tone, mimi mtu mzima, nimesimama kwa harufu nimeinua uso. Jumatano Mama Beti wa kwaya akanitembelea na mkate. Akaona chupa juu ya meza, nilikuwa nimesahau.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya jirani. Mama Brian. Mtoto wake anaumwa macho."

Niliikana dawa yangu kama Petro, na jogoo wa ploti alikuwa pale nje anachakura. Mama Beti hakusema lolote baya. Aliniambia tu, "Mungu ni mwaminifu, dada." Alipotoka nikachukua zile chupa mbili nikazitupa ndani ya shimo la choo. Nilipozisikia zikianguka nilijiona shujaa wa imani, na jioni nikamsimulia Baba Ivy. Ile karatasi ya daktari nikaibandua ukutani. Ivy akaniuliza, "Mama, imeisha?" Nikamwambia imeisha.

Wiki hiyo hiyo nikaitwa Ruiru. Si mnajua tuna kanisa dada kule, na mama zao walikuwa na mkutano wa maombi wa siku tatu. Walikuwa wamesikia. Nikavaa ile suti yangu ya bluu, nikaenda. Na nikiwa njiani jicho lilikuwa limeshaanza kuwasha. Nililisikia. Nikalikemea kwa jina la Yesu na nikavaa miwani ya jua.

Nikasimama mbele ya kina mama wa Ruiru nikiwa na miwani, nikasema habari zile zile, na wakati huu nilikuwa nimezipaka mafuta zaidi. Nikasema, "Kama una chupa ya dawa kwa mkoba wako, jiulize unaamini nini!" Maneno hayo yalitoka hapa, kwa huu mdomo. Walishangilia. Kuna shosho mmoja, mama mzee, aliketi mbele, aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilimsikia vizuri lakini uso wake sikuuona, kwa sababu jicho moja lilikuwa na ukungu na lingine linatoa machozi.

Askari waliamka, ndugu zangu. Daktari alikuwa amesema wataamka na hasira, na waliamka na hasira. Wiki moja haikuisha. Jicho la kulia likawa nyama. Halafu, na hili sikuwa nimelitarajia, jicho la kushoto nalo likaanza. Lile zima! Askari walikuwa wamepata njia ya ua wa pili.

Ungefikiri ningekimbia hospitali. Hapana. Mnajua nilifanya nini? Nilifunga siku tatu. Niliwaambia watu wa nyumbani ni maombi ya kanisa kumbe ni ya macho yangu. Nikajiambia ni majaribu, shetani anataka kuninyang'anya ushuhuda. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Ningepita mbele ya Mama Beti namna gani na chupa ya dawa? Ningewaambia nini watu wa Ruiru? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kwa sababu ya sifa. Nilipenda zaidi kuitwa aliyepona kuliko kupona.

Kazini sikumaliza mwezi. Siku ya mwisho nilikuwa nashona kwa kupapasa, sindano ya mashine ikapita kidoleni na kutokea upande wa pili. Damu ikaingia kwa shati jeupe la mtoto wa watu. Supavaiza hakunifokea. Angenifokea ningefurahi. Aliniinua kwa kiti pole pole, akaniambia, "Mama Ivy, nenda nyumbani. Usirudi mpaka uone." Sijarudi.

Nikakaa ndani na mapazia yamefungwa. Ivy ndiye alipika, ndiye alifua. Baba Ivy alinisihi. Yeye si mtu wa kuongea, anatoka kwa mawe huko machimbo amechoka, anaoga, anakula. Lakini alinisihi siku baada ya siku, na mimi nilimwita mtu wa imani haba. Asubuhi moja niliamka nikafunika jicho la kushoto na kiganja, kama nilivyokuwa nafanya kila siku kupima. Giza. Si ukungu. Nikaelekeza uso dirishani, giza. Nikawasha simu nikailetea jicho mpaka ikagusa kope. Giza. Nikapiga nduru, woi! Baba Ivy akaacha chai, akanibeba mgongoni mpaka barabarani. Kichwa changu kilikuwa kimefunikwa leso, na nilisikia majirani wakiuliza, "Ni nani amekufa?"

Yule daktari msichana alinitambua. Aliangalia kwa mashine, jicho la kulia, halafu la kushoto, halafu tena la kulia. Akaniuliza, "Mama, dawa ulimaliza?" Baba Ivy akajibu, "Aliitupa choo." Daktari alivua glavu akakaa. Hakunigombeza pia. Jamani, hiyo huruma ya watu inaweza kukuua.

Akasema la kulia halitaona tena. Vita vimekwenda mpaka nyuma, kwa ile ngozi inayopokea picha, na nyuma hapo kukiharibika hakuna fundi. La kushoto limejaa chembe, hata hawezi kuzihesabu, lakini nyuma bado pazima. "Hili tutalipigania," akasema, "lakini siwezi kukuahidi." Vidonge, sindano, tone kila saa, na kurudi kila baada ya siku mbili.

Hapo ndipo ningewaambia kwamba niliokoka. Sikuokoka hapo. Niliendelea kujificha hata hapo! Nilimwambia Baba Ivy asiambie mtu wa kanisa. Nilivaa leso kubwa nikienda kliniki. Mkiuliza, niko Vihiga kwa mama mkwe.

Basi siku ya tatu au ya nne nilikuwa kwa foleni, ile benchi ndefu. Baba Ivy alikuwa kazini, Ivy shule, nimeletwa na boda hadi mlangoni. Jicho moja limekufa, lingine limepanuliwa na dawa, sioni ila vivuli. Karibu yangu ameketi mama mzee. Nikamsikia sauti, Mkikuyu, anaongea na mkaza mwanawe. Yule mkaza mwana akasema anaenda dirishani kuuliza faili, akatuacha.

Mzee akaniuliza, kama watu wanavyoulizana kwa benchi, "Na wewe ni macho gani?"

Nikamwambia askari wa mwili wameingia. Akasema, "Ngai! Mimi ni presha ya macho. Miaka mingi naweka dawa asubuhi na jioni, na nilikuwa naona vizuri tu. Nachagua maharagwe mwenyewe. Halafu nikaacha."

"Kwa nini uliacha, shosho?"

"Kuna mama alikuja kwetu Ruiru kutoka Thika. Wa kuimba. Alisema kama uko na chupa kwa mkoba, jiulize unaamini nini. Mimi nilikuwa na chupa kwa mkoba." Akapapasa mkoba wake. "Hii ya presha haiumi, unajua. Inaenda tu. Siku nilijua, nilikuwa nimemwaga maharagwe nje ya sufuria yote."

Ndugu zangu. Alikuwa ameketi hapa, bega lake limegusa bega langu, na hakuniona kwa sababu haoni, na mimi sikumwona kwa sababu sioni. Ningenyamaza asingejua mpaka kaburini. Na shetani, huyu ninayemjua sasa, hakuja na pembe. Alikuja na wazo la heshima sana: usimwongezee mzee uchungu, Rispa, nyamaza, mwombee kimya kimya.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shosho, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mama wa kuimba. Ni mimi. Na sikuwa nimepona. Nilikuwa na chupa kwa mkoba siku ile nilipotoa ushuhuda."

Nikaanza kulia na kulia kwenyewe kunauma, machozi ni moto. Nikasema nisamehe, nisamehe. Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani. Nikamsikia anavuta pua. Kisha akanifinya mkono hapa juu kwa nguvu, alama ilikaa wiki.

"Usinililie," akasema. "Kulia ni kwako. Mimi nataka choo, na mke wa kijana wangu hajarudi. Inuka unipeleke."

Nikainuka. Nikamshika mkono, mkono wangu mwingine kwa ukuta. Tukaenda hivyo kwa ile korido, kipofu na kipofu mwenzake, tukigonga miguu ya watu, watu wakisema pole mama, pole shosho. Mlango wa kwanza ulikuwa stoo ya ndoo. Wa pili ndio. Nilisimama nje namngojea, na hapo, mbele ya choo cha hospitali, ndipo Mungu aliponitoa. Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Niliomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Baba, jicho chukua ukitaka, lakini usiniache na huu uongo. Na ule woga wa miezi yote hiyo, woga wa nyuso zenu, ukanitoka. Nilimpigia mchungaji simu pale pale kwa korido, kwa kubonyeza namba moja ambayo Ivy aliniwekea.

Tangu siku hiyo sijaruka tone hata moja. Jikoni, kwa gari, mbele ya mtu yeyote. Vidonge vimenivimbisha uso, vimenifanya nile kama mchimba kisima, na sasa wameniongezea vingine vya kuwashika askari muda mrefu ili hivi vya uvimbe vipunguzwe. Ilichukua miezi. Mara mbili daktari alisema chembe zimeongezeka tena, na mara mbili nikarudi nyumbani nikijua huenda uso wa Ivy niliouona asubuhi ndio wa mwisho. Wiki tatu zilizopita aliwasha ule mwanga wake mwembamba, akaangalia, akaangalia, akasema, "Mama, kumetulia. Sioni hata moja." Jicho la kushoto limebaki. Bwana apewe sifa!

Sikilizeni vizuri nilichosema. Sijasema nimepona. Kumetulia. Wanaweza kuamka kesho. Ninaendelea na dawa, ninaendelea vizuri, na kama hiyo haitoshi kupigiwa makofi, msipige.

Shosho haoni. Ile ya kwake haijarudi na haitarudi. Wiki jana nilienda Ruiru nikasema haya mbele ya kina mama wale wale. Wengine walitoka nje. Yeye aliketi mpaka mwisho, na nilipomaliza hakusema amina. Huwa naenda kwake Jumanne kumchagulia maharagwe. Siku zingine ananiongelesha, siku zingine haniongeleshi. Sijui kama amenisamehe, na sitawaambia amenisamehe ili ushuhuda uwe mtamu.

Nawashukuru: Baba Ivy, aliyenibeba mgongoni. Ivy, aliyeosha vyombo miezi yote hiyo bila kununa, basi, bila kununa sana. Daktari wangu, ambaye hasali hapa na sijui kama anasali. Mchungaji, aliyenipa maiki leo na kuna wazee walimkataza.

Na wewe. Kuna mtu hapa ndani ana dawa ya presha, ya sukari, ya virusi, ya kifafa, na ameificha. Nakujua kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuificha. Nenda nyumbani uitoe. Iweke mezani mahali Mama Beti ataiona. Mwamini Mungu, lakini mwamini kwa kweli, maana uongo wako hautamsaidia yeye, na unaweza kumtoa jirani yako macho. Kama huna wa kukusindikiza kliniki, nitafute. Naenda huko kila mwezi, na benchi ni ndefu.

Nimemaliza. Mtu wa upande huu wa kulia anipe mkono tafadhali, kuna ngazi hapa na kwa jicho moja sijui iko mbali kiasi gani.